Mnyatiaji wa Kajificheni

Hull, Uingereza, 11 Februari 2002

Binamu yangu Radhiya,

Salamu zangu zikukute mzima. Zikikukuta na mafua, zikae barazani mpaka upone. Mimi sijambo. Magoti yananitii asubuhi na kuniasi jioni. Paka wangu wawili wamezeeka, na wanakula vizuri kuliko mimi. Nipe habari za dada yangu Shariffa. Mwambie apunguze chumvi, na asinijibu kwamba mimi nipunguze umbali, maana jibu hilo nimeshalipokea mara nne.

Umeniuliza tena kama nitakuja mwaka huu. Magoti, Radhiya. Na paka nitamwachia nani?

Sasa la maana. Abrahman, yule aliyekuja kusoma uhandisi hapa, anarudi nyumbani wiki ijayo na amebeba bahasha yako. Ndani mna sidii tatu. Si za nyimbo. Ni mchezo wa kompyuta uitwao Varrun. Maktaba niliyoitumikia miaka ishirini na sita ilipoondoa kompyuta zake kuukuu, nilipewa moja kuwa mkono wa kwaheri, na tangu hapo sisomi tena magazeti. Unaongoza kikosi cha watu sita katika nchi yenye mazimwi, mapango na milango isiyofunguka. Kila mmoja unampa fani yake: huyu upanga, huyu uganga, huyu uchawi. Wakishinda wanapanda daraja, na kila daraja unapewa pointi za kuwaongezea ujuzi. Nina umri wa miaka sitini na minane na jana nimeunguza wali kwa sababu ya joka.

Nakuonya jambo moja tu. Kuna fani ya kunyatia. Mwenye fani hiyo hutembea bila kusikika, hujibanza vivulini, hutangulia kuchungulia. Utavutiwa, nakujua. Usimchukue. Nafasi ni sita, na hiyo ni nafasi iliyotupwa. Atatembea kama moshi, haya, lakini nyuma yake kuna watano waliovaa vyuma, wanalia kama masufuria ya harusini. Vita vikianza hana ngao; kofi moja, kwisha. Na ukitaka kujua nyuma ya mlango kuna nini, huna haja ya jasusi: fungua, ufe, kisha rudi pale ulipohifadhi mchezo na uingie tena ukiwa unajua. Mimi nimekufa mara mia na hamsini hivi, siku tatu mfululizo katika ukumbi wa majitu pekee, na kila mara nimezidi elimu.

Kiongozi wangu anaitwa Mmanga. Ana upanga mrefu kuliko yeye.

Wako,
Talal


Malindi, Unguja, 30 Machi 2002

Mtoto wa shangazi,

Shikamoo, ingawa mtu anayejisifu kufa mara mia na hamsini hastahili kuamkiwa. Sisi wazima. Dada Shariffa mzima kuliko sisi sote. Ana miaka sabini na tisa na hajashuka ngazi tangu Ramadhani, lakini kikapu chake kinashuka kila asubuhi dirishani kwa kamba, na muuza mboga akithubutu kutia mchicha ulionyauka, kikapu kinarudi chini na matusi ndani. Nimemsomea barua yako. Kuhusu chumvi amesema umeshajua jibu.

Bahasha imefika. Kompyuta ninayo, ya mwanangu Hamad. Aliiacha alipohamia Dar es Salaam. Msabah, fundi wa redio hapa chini, akaniwekea mchezo, akaniangalia usoni, akasema, "Bi Radhiya, hii ni ya kuulia watu." Nikamwambia, "Nimefundisha Kiingereza skuli miaka thelathini na moja, Msabah. Nna hamu."

Loo, Talal! Loo! Mbona hukunipa mapema? Nimeusahau mchele jikoni, nimesahau dawa ya presha, umeme ukikatika napiga ukelele mpaka majirani wanadhani kuna msiba. Nimempata mpiga panga, mganga, mchawi, mpiga mishale na mpiga zeze ambaye hana faida yoyote lakini ana sura nzuri. Na wa sita ni mnyatiaji. Bila shaka ni mnyatiaji! Ulipoandika "usimchukue" nilikuwa nshamchukua.

Nimemwita Mize, jina la bibi yetu. Umesahau alivyokuwa akitembea? Mwanamke wa Tumbatu, mzito kama pipa, na hapana aliyewahi kumsikia akija. Wewe una mkono ndani ya bati la halua, ukigeuka yuko nyuma yako, anakutazama kama mtu aliyekaa hapo tangu Adhuhuri.

Sikiliza alivyofanya Mize katika ukumbi wa majitu, ule uliosema ulikufa siku tatu mfululizo. Watano nimewaacha nje ya mlango na vyuma vyao, kitako, kimya. Hapo ndipo ulipokosea. Kweli mnyatiaji hawafichi wenzake, lakini nani kakwambia aandamane nao? Mize akaingia peke yake, kivuli kwa kivuli. Akaona majitu tisa: saba wamelala, mmoja anakula, mmoja anaangalia mlango. Akaona na sakafu ina mtego katikati. Akarudi. Basi nikapiga mshale mmoja kumshtua anayeangalia mlango, akaja mbio akipiga kelele, wenzake nyuma yake, wote wakapita juu ya mtego wao wenyewe. Waliobaki walikuwa wawili. Mganga wangu hakupoteza hata tone la dawa. Wewe ulitumia chupa ngapi? Usijibu.

Na kabla hujauliza, hajaiba hata kijiko. Ana ufunguo wa kila nyumba ya Varrun na anapita tu.

Msabah ana intaneti dukani na ananishauri tuandikiane kwa hiyo. Nimemwambia barua anayoisoma Msabah kabla yangu hiyo si barua, ni khutba.

Magoti, unasema. Kwenye ndege watu wanakaa, Talal.

Binamuyo,
Radhiya


Hull, 21 Aprili 2002

Radhiya mwenye ulimi,

Marahaba. Nimefurahi kusikia habari za kikapu. Hapa mvua imeacha kunyesha kwa siku mbili na watu wametoka nje wakiwa na nyuso za wagonjwa waliopona. Paka mkubwa ameugua akapona.

Nimeanza mchezo upya, si kwa sababu nimekubali maneno yako, bali kwa uchunguzi. Nilipofika daraja la sita nikamwondoa mpiga mishale nikamtia mnyatiaji, nikampa pointi tatu za kunyatia. Nimemwita Radhiya. Katika ukumbi wa majitu alipiga hatua nne, yote tisa yakaamka, na mmoja alikuwa bado ana mfupa mdomoni. Radhiya amekufa mara kumi na moja. Samahani. Mara ya kumi na mbili aliingia Mmanga na upanga na tukamaliza kazi kwa chupa kumi na tisa za dawa, ambazo hukutaka nizitaje.

Kwa hiyo msimamo wangu ni ule ule. Nakiri tu kwamba ile habari ya mtego nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilicheka peke yangu ndani ya basi.

Nimewaza jambo. Nasikia siku hizi pwani ya kusini, Paje, kuna nyumba za wageni nzuri. Je, nikija moja kwa moja Paje? Uwanja wa ndege, gari, Paje. Mjini nisifike kabisa. Dada Shariffa mkamleta kwa gari akae nami wiki nzima, anywe madafu, atukane wavuvi badala ya muuza mboga. Magoti yangu yatafurahia mchanga. Mwulize.

Talal


Malindi, 9 Juni 2002

Mtoto wa shangazi,

Shikamoo. Mvua za masika zimeisha zikaacha ukuta wa jikoni kwangu umevimba kama shavu lenye jino bovu. Hamad amepata mtoto wa pili, wa kike. Jina bado wanagombana.

Nianze na lililo rahisi. Pointi tatu! Daraja la sita! Talal, kunyatia hakuuzwi rejareja. Mwenye pointi tatu za upanga anakata kidogo. Mwenye pointi tatu za kunyatia hanyatii kidogo, anasikika kama kila mtu, na zaidi ya hapo yuko peke yake. Unampa tangu daraja la kwanza, kila daraja, wenzake wakinuna, na kwa muda mrefu huoni faida hata chembe. Kisha siku moja anapita mbele ya zimwi linalopiga mswaki, na zimwi halinyanyui kichwa. Hapo unaruka kitini. Mimi niliruka nikamwaga chai juu ya kipanya alichoniazima Msabah.

Na kumwita Radhiya ukamwua mara kumi na moja, hilo tutazungumza kwa Mungu.

Sasa Paje. Nilipanda kwa Dada nikamweleza. Ngazi zake thelathini na moja unazijua, na bawaba ya goti lake naijua mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akazima redio, na wewe unajua redio haizimwi kwa mtu.

"Anataka nibebwe?"

"Kwa kiti, Dada. Vijana wanne."

"Mimi furushi?"

"Si furushi, Dada, ni..."

"Mwambie mimi nipo Kajificheni, ghorofa ya pili, mlango wa kushoto. Sijahama. Yeye ndiye aliyehama."

Akawasha redio.

Nilishuka nikakaa kwenye ngazi, nikaona hapana budi tuseme. Si magoti, Talal. Wala si paka. Mwaka wa sitini na sita nilikuwa dirishani kwenu, ghorofa ya pili, na Dada nyuma yangu. Nilikuona umesimama katikati ya mtaa na sanduku lako. Niliyasikia maneno, na mtaa mzima uliyasikia: "Wallahi, mguu wangu hautaukanyaga tena mtaa huu." Miaka thelathini na sita hukuyataja, nami sikuyataja, tukaandikiana habari za mvua.

Dada hashuki, wewe huingii. Ana miaka sabini na tisa. Mimi nimefikiria kila njia, kama mbele ya mlango wa chuma wa Varrun. Nimefikiria hata uvae buibui, ushungi na yote, upite kama mwanamke mgeni. Nilimweleza Dada akacheka mpaka nikaogopa. Lakini mguu ndani ya buibui ni mguu ule ule.

Nijibu.

Radhiya


Malindi, 25 Agosti 2002

Talal,

Shikamoo. Wiki kumi na moja. Kila posta ikifika nakwenda mwenyewe, na karani ameanza kunionea huruma, jambo ambalo silipendi. Dada haulizi. Anashusha kikapu tu, na siku hizi mchicha mbovu anaupokea bila neno. Hilo ndilo lililonitisha.

Basi nina la kuungama, na ukinikasirikia unikasirikie kwa barua, si kwa kimya.

Ulipokaa kimya nilijiambia: kiapo kina kafara, na kila mtoto wa chuo cha Kurani anajua kwamba kafara ya kiapo ni kulisha masikini kumi. Talal kaona haya kuifanya. Mimi nitamfanyia kimyakimya, kafara itoke, kisha nimwandikie njia nyeupe, njoo. Nilijiona Mize kabisa, natambaa ukutani.

Mapema mwezi wa saba nikapika. Pilau ya ng'ombe, Talal, ya bizari nzima, na kachumbari, na ndizi mbivu. Nikaalika watu kumi: wachukuzi wa sokoni, wajane wawili wa Jang'ombe na yule kipofu wa msikiti wa Malindi. Ili mtu asijue shughuli ni ya nini, nikatangaza ni hitma ya Bibi Mize. Wakamsomea mwanamke aliyekufa mwaka wa hamsini na nane, kwa khushui kubwa, kisha wakala mpaka kipofu akaomba alegezewe mkanda. Nilikuwa na furaha, we! Niliimba nikiosha masufuria. Nikasema, huyo kaingia ukumbini na kutoka, hapana aliyenyanyua kichwa.

Juzi nikakutana na Maalim Mkubwa nje ya chuo chake. Nikamwuliza kwa mbali, kama anayeuliza habari za mtu mwingine.

"Maalim, mtu akimtolea mwenzake kafara ya kiapo, inaswihi?"

"Kamruhusu?"

"Hajui."

"Hajui? Basi vipi itakuwa yake? Kafara ni ibada, mama. Ina nia. Lazima mwenyewe amfanye huyo wakili wake."

"Lakini watu wameshakula, Maalim."

"Wamekula nini?"

"Pilau."

Akafunga macho. "Bi Radhiya," akasema, "kwa madhehebu yetu sisi hatupiki. Ni mchele, kibaba kibaba, mkononi mwa kila masikini, akapike mwenyewe. Pilau ni sadaka njema. Mwenyezi Mungu atakulipa. Lakini kafara sijaiona hapo." Nikageuka kuondoka. Akaniita. "Na mwambie Talal namsalimu."

Maalim Mkubwa! Nilikuwa nimesimama mbele yake nimejificha nyuma ya jani la mchicha.

Ndiyo hali. Nimenyatia mpaka ndani ya dini ya mtu, nikakuta mlango ambao haufunguki kwa ufunguo wangu. Ni wako. Pale kunyatia hakufai hata kidogo; panataka mwenyewe aje mbele aseme. Ninaweza kupima mchele kesho, lakini siwezi kunuia kwa moyo wako.

Sema neno, Talal. Moja tu. Hata likiwa hapana.

Radhiya


Hull, 10 Septemba 2002

Binamu yangu mpenzi,

Marahaba, na marahaba tena kwa zile zote ambazo sikuzijibu. Mimi mzima. Nilikuwa mzima muda wote, na hiyo ndiyo aibu yenyewe.

Barua yako ya mwezi wa sita niliisoma nikaiweka chini ya kompyuta, nikacheza Varrun wiki saba kama mwendawazimu. Nilianza upya kutoka daraja la kwanza. Nilichukua mnyatiaji na kila pointi nikampa yeye. Wenzake walinuna kama ulivyosema. Mmanga hasa. Halafu wiki iliyopita, katika ngome ya mwisho, alipita mbele ya walinzi ishirini na wawili, akafungua lango kwa ndani, na watano wakaingia wakitembea kama watu wanaokwenda sala ya Idi. Nikasimama nikapiga makofi, sebuleni, peke yangu, paka wakakimbia. Kumbe hivyo ndivyo watu wanavyocheza! Ninaomba radhi kwako na kwa wanyatiaji wote. Nafasi ya sita ni yao.

Nikakaa tena, na nyumba ikawa kimya sana. Barua yako ya pili ikafika kesho yake. Nilipofika kwenye kipofu na mkanda wake nilicheka mpaka machozi, na machozi hayakujua pa kuishia.

Sasa nikwambie nililoapia, kwa sababu dirishani ulisikia mwisho tu. Nilikuwa nimetoka kizuizini baada ya wiki sita, hilo unalijua. Nikaingia mtaani kwetu wakati wa Alasiri, baraza zimejaa, watu walionilea. Nikatoa salamu. Hapana aliyejibu. Nikapita baraza ya pili, nikatoa salamu. Walitazama miguu yangu. Nilifika mlangoni kwetu baada ya salamu tano, na zote tano ninazo mpaka leo hazijajibiwa. Nilijua walikuwa wanaogopa. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili na kujua hakukunisaidia kitu. Nilikwenda juu nikachukua sanduku, nikashuka nikaapa.

Nilichokuwa nakiogopa miaka yote hii si mtaa. Ni salamu ya sita.

Basi neno lako hili hapa, na nimeliandika vizuri ili Maalim Mkubwa asipate pa kuingilia: Mimi, Talal, nikiwa na akili zangu timamu na magoti yaliyo nusu timamu, nimenuia kukivunja kiapo changu cha mwaka wa sitini na sita, na nimemfanya binamu yangu Radhiya kuwa wakili wangu anitolee kafara yake, kibaba kibaba, kwa masikini kumi, bila kupika. Fedha ya mchele imo ndani ya bahasha. Namshukuru kwa pilau, iliyokuwa hitma halali ya Bibi yetu.

Nimekata tiketi. Nafika tarehe kumi na saba Oktoba, kwa ndege ya asubuhi kutoka Dar es Salaam. Paka watakaa kwa mwenzangu wa zamani wa maktaba. Ameniuliza mbona nilisema siku zote hawana wa kuwachukua.

Usimwambie mtu mwingine yeyote isipokuwa Dada. Nataka kuingia kimya.

Talal


Malindi, 28 Septemba 2002

Mtoto wa shangazi! Shikamoo! Shikamoo mara ishirini!

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama posta, na yule karani wa huruma nimemkumbatia. Ana mke, tutaeleweshana.

Sisi wazima, habari nyingine hakuna, sikiliza. Nimepima mchele kwa kibaba cha Bibi, ule mweupe mrefu, nikamwita Maalim Mkubwa asimame kama shahidi, nikawaita watu wangu kumi. Walikuja wamevaa vizuri zaidi ya mara ya kwanza. Kipofu alikuja amelegeza mkanda tangu nyumbani. Nikaanza kugawa mchele mkononi.

"Bi Radhiya," akasema mmoja wa wajane, "haujaiva huu."

"Ndivyo inavyotakiwa."

"Nani kataka?"

Maalim akaanza kueleza madhehebu. Kipofu akamkatiza: "Maalim, mimi sioni, lakini pua yangu nzima. Pilau iko wapi?" Basi wakachukua vibaba vyao, wakashukuru, na mchukuzi mmoja akaniuliza kwa heshima mlangoni kama katika ukoo wetu hamna mwingine aliyeapa.

Imetoka, Talal. Maalim kasema imetoka.

Nimemwambia Dada. Akaomba kioo.

Sasa mpango, nimeuchora kwenye karatasi kama ramani ya Varrun. Gari ikushushe Vuga, usije nayo ndani. Vaa kanzu na kofia, si suti. Usipite kwenye baraza ya wacheza bao, pale kuna macho kumi na mawili. Zunguka nyuma ya kiwanda cha mikate, pitia uchochoro wa mfereji, utatokea mbele ya mlango wa Dada bila kukutana na zaidi ya watu wawili, na mmoja wao haoni mbali. Mimi nitatangulia kuchungulia. Nikikohoa mara moja, pita. Mara mbili, jibanze.

Mjini kwetu kunyatia ni kazi ya daraja la ishirini. Usinidharau.

Radhiya


Kajificheni, 16 Oktoba 2002, Alasiri

Radhiya,

Barua hii inaletwa kwako na Msabah, aliyepita ngazini kwa Dada akirudisha redio ya jirani na kuniambia duka lake liko chini yako. Hajanijua. Utamfahamisha wewe.

Nimefika leo badala ya kesho. Ndege ya Dar es Salaam ilikuwa na nafasi na mimi sikuwa na subira. Usinikasirikie kwa ramani. Ninayo mfukoni, ni nzuri sana, lakini gari iliponishusha Vuga miguu ilishika njia yake ya zamani, na njia hiyo inapita mbele ya wacheza bao.

Sikujibanza. Haikuwa na haja. Macho kumi na mawili yalinitazama, Radhiya, na hapana hata moja lililonijua. Nimewekeza pointi thelathini na sita za kunyatia bila kujua, moja kila mwaka, na sasa naweza kupita mchana kweupe katika mtaa niliozaliwa. Kijana mmoja aliniuliza kwa Kiingereza kama nataka kuona mashamba ya karafuu. Sijui kama nilitaka kucheka au kulia, basi nikafanya lile lililonileta. Nikasimama. Nikasema, "Asalaam alaykum."

Wote, Radhiya. Wote kwa pamoja, bila hata kuacha kete: "Waalaykum salaam warahmatullah." Na mzee mmoja aliyekaa mwisho akaongeza, "Karibu, babu, pumzika." Nikatoa salamu tena, mara nne zaidi, kwa watu wale wale. Wamejibu zote. Nadhani sasa wananiona si mzima kichwani.

Ngazi thelathini na moja nimezipanda na vituo vitatu. Nikapiga hodi.

"Nani?"

"Mimi, Dada. Talal."

"Talal gani?"

"Nduguyo."

"Ndugu yangu aliapa."

"Kafara imetoka."

"Mchele au pilau?"

"Mchele."

"Masikini," akasema. Nikasikia kiti kikisogea. Akafungua mlango, mdogo kuliko nilivyomwacha, kajipaka wanja. Akanishika uso kwa mikono miwili, akaushikilia muda mrefu. Hakulia. Mimi nililia kwa niaba yetu.

Kisha akauliza kama kuna aliyeniona nikiingia. Nikamwambia kwa majivuno kwamba hapana, hata mmoja hakunitambua. Nilidhani atafurahi. Akaniachia uso.

"Unaingia kwangu kama mwizi? Ulipoondoka mtaa mzima ulikusikia. Shuka. Rudi mpaka Vuga. Ingia upya, na safari hii utaje jina lako kwenye kila baraza."

Nimemwambia magoti. Amesema magoti ni ya kwangu, mlango ni wa kwake, na ameufunga. Ninakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ngazi, chini yake, na namsikia huko ndani anapiga kelele dirishani kuwaambia watu wa mtaa watoke nje, kuna mtu anakuja.

Nakwenda Vuga. Nikute hapo, na ulete yeyote mwenye koo nzuri ya kupiga vigelegele.

Talal